Bahasha ya mwanasiasa tumeikataa, sasa pasta wa kijijini ale nini?

Wacha niseme jambo ambalo najua litanichomea picha kwa wenzangu. Sisi vijana tulioshangilia makanisa yalipoanza kurudisha pesa za wanasiasa tuna deni, na hatulilipi.

Sisemi tulikosea. Juni 2024 tulipotoka barabarani kupinga Mswada wa Fedha, hatukuishia Bungeni. Tuliwageukia pia viongozi wa dini tukauliza: mbona mwanasiasa akija na pesa anapewa maikrofoni, na sisi tunaambiwa tufumbe macho tuombe? Kelele zile zilifika. Novemba mwaka huohuo Askofu Mkuu wa Kanisa Katoliki jijini Nairobi, Philip Anyolo, aliagiza pesa alizotoa Rais katika kanisa moja la Soweto zirudishwe. Nakumbuka simu yangu siku ile. Kila kikundi cha WhatsApp kilikuwa sherehe.

Lakini Katoliki ina dayosisi, ina shule, ina hospitali. Pesa za Rais zikirudishwa asubuhi, padri jioni atakula. Mimi leo nataka tuongee juu ya mtu ambaye hana dayosisi nyuma yake: mchungaji wa Kibaptisti wa mashambani, kama wetu wa kule Ganze, kaunti ya Kilifi.

Kama hujui Wabaptisti huendeshaje mambo yao, ni hivi. Kila kanisa linajitawala. Hakuna askofu wa kukuletea pasta wala wa kumhamisha. Washirika ndio humwita mchungaji, hupiga kura kumkubali, huamua apewe nini mwisho wa mwezi, na wakichoka naye ndio humwachisha. Hata Martin Luther King, kabla dunia nzima haijamjua, alikuwa pasta aliyeitwa na washirika wa kanisa moja la Kibaptisti mjini Montgomery mwaka wa 1954. Makanisa ya Kenya yana muungano wao wa kitaifa, na kuna chuo cha kufunza wachungaji Tigoni, Limuru. Lakini usidhani huko juu kuna mahali panapotoka mshahara wa pasta wa Ganze. Hakuna.

Wamisionari wa Kibaptisti kutoka Marekani walifika Kenya mwaka wa 1956, baadhi yao wakitokea Nigeria walikokuwa wakihudumu. Walijenga, wakafunza, na miaka ikapita wengi wakarudi kwao. Kanisa likabaki mikononi mwa wenyewe, jambo ambalo ni zuri kabisa. Tatizo ni kwamba wenyewe ndio sisi.

Kwetu washirika wanaohudhuria hawazidi sitini, na wengi ni kina mama na wazee. Vijana tumetawanyika: Mtwapa, Mombasa, Nairobi, na dada zetu kadhaa wako Saudia wakifanya kazi za nyumbani. Jumapili moja nilikuwa nimeketi karibu na meza mhazini akihesabu sadaka. Mvua ilikuwa imekosa misimu miwili. Zilipatikana Sh740, mayai sita na nusu debe la mahindi. Mhazini aliandika kwenye daftari, mashemasi wawili wakatia sahihi, na mayai akapewa Mama Mchungaji. Hiyo ndiyo wiki yao.

Kwa hivyo pasta wetu ni fundi wa baiskeli. Ana shamba la mahindi ambalo mwaka huu limemcheka, ana mbuzi wachache, na mkewe huamka saa kumi alfajiri kupika mahamri na mbaazi za kuuza karibu na shule. Si jambo geni. William Carey, ambaye jina lake limejaa kwenye vitabu vya historia ya umisheni, alikuwa mchungaji wa Kibaptisti katika kijiji cha Moulton, Uingereza, miaka ya 1780. Kanisa halikuweza kumlisha, akawa anashona viatu na kufunza watoto. Alipokwenda India mwaka wa 1793 ndipo watu wakaanza kumwandika. Wengi kama yeye hawaandikwi. Wanabaki na baiskeli za watu mlangoni na mafuta ya cheni kwenye kucha, Jumapili wanavaa koti lilelile wanapanda madhabahuni.

Najua wewe ukisikia neno pasta unaona nini. Unaona suti inayong'aa, gari kubwa lenye vioo vyeusi, walinzi, na namba ya M-Pesa inayopita chini ya skrini. Au unaona Shakahola. Na hapo sikulaumu. Mimi ni mtu wa Kilifi. Aprili 2023 miili ilipoanza kufukuliwa msituni, hadi ikapita 400, sisi huku hatukuwa tunatazama habari za mbali. Tangu siku hiyo pasta wetu akipita na Biblia mkononi kuna watu wanaonong'ona. Kuna mama alimkataza mwanawe kwenda shule ya Jumapili kwa miezi, na pasta alimwambia tu, "Una haki, mama. Njoo naye uketi naye."

Ila nakuomba jambo moja. Usimpime kwa Jumapili. Njoo Jumatano.

Jumatano huenda anazika. Akizika, hakuanza siku hiyo. Ameanza na usiku wa kifo, amekwenda kwa chifu kuchukua barua, ameketi na wanafamilia wanaogombania mahali pa kaburi, na amebishana na barobaro wanaotaka disko matanga, hizi ambazo serikali imezipiga marufuku mara nyingi na bado spika zinapandishwa bodaboda na kuletwa. Yeye hazuii watu wasikeshe, kwa sababu anajua hanga kwa Mgiriama si kitu cha kuchezea. Anachofanya ni kuketi palepale hadi alfajiri. Wasichana wadogo wanamwona, vijana wanamwona, na mambo fulani yanakosa nafasi ya kutendeka. Asubuhi anaoga maji ya kopo moja, anahubiri kaburini.

Au Jumatano hiyo yuko kwa mzee.

Wanaoijua Kilifi wanajua ninachotaka kusema. Huku kwetu mvi zimegeuka hatia. Mtoto akifa ghafla, macho yanatafuta kichwa cheupe, na mara nyingi ukichunguza nyuma ya neno uchawi utapata ekari za shamba. Pale Kaya Godoma, hukohuko Ganze, kuna kituo cha kuwahifadhi wazee waliokimbia watoto wao wenyewe. Sasa, kuna mzee jirani yetu ambaye hajawahi kukanyaga kanisani na bado anafuata mambo ya kaya. Mjukuu wa nduguye alikufa, naye akaanza kutajwatajwa. Pasta alichukua mkeka wake akaenda kulala kwenye baraza ya yule mzee. Siku tatu mfululizo. Hakuhubiri. Alilala pale, basi, na kila aliyepita na panga usiku alimkuta pale. Siku ya nne aliwaita ndugu, chifu na wazee, wakaketi chini ya mwembe tangu asubuhi hadi alasiri. Nilikuwepo kwa sababu nilitumwa kuleta maji. Mzee yuko hai, na mwezi uliopita nilimwona akichunga mbuzi wake na kunitukana kwa kutomsalimia vizuri.

Hakuna aliyerekodi TikTok siku zile, na hakuna aliyemlipa pasta. Baiskeli tatu za wateja zilikaa wiki nzima bila kutengenezwa na mwenye moja akaja akaichukua kwa hasira.

Mimi mwenyewe alinibatiza. Kubatizwa kwetu ni kuzamishwa mwili mzima, hakuna cha kunyunyiziwa, na huko maji ni shida. Tuliomaliza mafundisho mwaka ule tulingoja miezi saba hadi silanga ikajaa maji ya mvua. Tuliingia watu kumi na mmoja, maji rangi ya chai ya maziwa, ng'ombe wa watu wakitutazama kutoka upande wa pili. Alimzamisha kila mmoja na kumwinua, akiwa na homa. Hilo la homa niliambiwa baadaye.

Sasa tuje kwenye bahasha.

Miezi michache baada ya maandamano, mwaniaji kiti mmoja alikuja kanisani kwetu na magari manne. Paa letu nusu ni mabati na nusu ni makuti, na makuti yenyewe yamechoka. Wapambe wake walikuwa wameshasema nje kwamba kwenye bahasha mna Sh50,000. Sisi wa mbali tulikuwa tumeshapata habari, na kikundi cha WhatsApp kiliwaka moto tangu Ijumaa. Tuliandika, "Pasta, ukichukua hiyo pesa usitutambue." Mmoja alituma picha ya Askofu Anyolo. Mimi niliandika aya ndefu kuhusu madhabahu na damu ya wenzetu waliouawa, na bado naamini kila neno la aya hiyo.

Pasta alimkaribisha mgeni vizuri, akampa kiti mbele kama mgeni yeyote, na bahasha ilipotolewa akasema, "Mheshimiwa, umekuja kuabudu nasi, tumefurahi. Hii naomba uirudishe garini." Mgeni alicheka akidhani ni mzaha. Alipoona si mzaha aliondoka kabla ya wimbo wa mwisho, na wapambe wake waliondoka na ile kreti ya soda waliyokuwa wameleta.

Video ya sekunde arobaini ilifika kwenye kikundi. Tulipiga makofi ya emoji hadi usiku. "Hongera Pasta!" "Huyu ndiye!" Nilihesabu watu ishirini na tisa waliosema hongera.

Nikwambie ni wangapi walituma hata shilingi mia moja wiki hiyo? Hakuna. Nami nimo.

Makuti yalivuja mvua ya Aprili. Mtoto wake wa tatu alirudishwa nyumbani kwa karo akakaa wiki mbili. Kuna kina mama wa kanisa ambao walinuna, na sasa ninawaelewa: kwao Sh50,000 zilikuwa paa, na vijana walio na paa huko Nairobi ndio waliolikataa kwa niaba yao.

Halafu pasta akaugua. Lilikuwa tumbo, jambo la upasuaji, la ghafla. Kadi ya SHA alikuwa amejisajili lakini hakuwa amelipa. Kwa mtu asiye na mshahara, kiwango cha chini kabisa ni Sh300 kwa mwezi, Sh3,600 kwa mwaka, na utaratibu umekuwa kutaka za mwaka mzima kwa mpigo. Yeye alikuwa amelipa karo na kile alichokuwa nacho. Bili ilipofika Sh86,000 ndipo kikundi kikafufuka. Harambee ikaitishwa, mwenyekiti akateuliwa, orodha ikapanda: Sh500, Sh1,000, Sh2,000, dada mmoja wa Saudia akatuma Sh10,000 peke yake. Ikapatikana kwa siku tisa. Siku hizo tisa zote alikuwa amezuiliwa wodini ameshapona.

Sisemi SHA ingelipa kila kitu. Malalamiko yake unayajua kuliko mimi. Ila jihesabie mwenyewe: tulishindwa kuona Sh3,600 kwa mwaka mzima, tukaona Sh86,000 kwa siku tisa. Sisi hatukosi pesa. Tumezoea kumlipa mtu akiwa kitandani au ndani ya jeneza.

Nilipompigia simu akiwa bado wodini, nilianza na maneno ya kawaida.

"Bwana asifiwe, Pasta. Pole sana."

"Amina, mwanangu. Nimeshapoa."

Kisha akanyamaza kidogo. "Ile bahasha," akasema, "nilikuwa nimeshaamua kuirudisha kabla hamjaniandikia. Wala sijutii. Ila mlipoandika nilifurahi, nikadhani tuko pamoja."

Sikuwa na jibu. Nilimwambia salio linaisha.

Ndiyo maana nasema tuna deni. Tukimwambia mtu akatae bahasha ya mwanasiasa, basi tumejitolea kuweka kitu mahali pa ile bahasha. La sivyo tumemwambia alale njaa ili sisi tuwe na video safi. Na 2027 iko karibu. Magari manne yatarudi, safari hii huenda yakawa manane, na pasta wa kijiji jirani ambaye hana vijana wa kumpigia kelele atachukua, na sitamrushia jiwe.

Sasa utaniambia, "Si alichagua kazi hiyo mwenyewe? Afanye kazi kama sisi." Anafanya. Anatengeneza baiskeli. Swali ni nani anamlipa kwa zile saa nyingine, za matanga, za baraza ya mzee, za kuwabeba wagonjwa usiku kwa pikipiki ya kukodi. Ukisema ni wito, wito haununui unga. Mwalimu wa shule ya msingi pia ana wito na TSC inamlipa.

Utaniambia tena, "Mimi nilishaacha mambo ya kanisa." Sawa, ni haki yako, na sitakuvuta. Lakini nyanya yako bado yuko huko. Siku simu ile ikilia usiku, nani atakuwa wa kwanza kufika kwake? Si wewe, nawe unajua, kwa sababu basi la kutoka Nairobi linafika asubuhi.

Hoja nzito ni ile ya tatu: tukiwapa pesa wataiba. Hapa ndipo Ubaptisti unanipa raha kidogo. Baada ya Shakahola Rais aliunda jopokazi la kuangalia sheria za mashirika ya dini, likaongozwa na Mutava Musyimi, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mchungaji wa Nairobi Baptist. Tangu hapo mazungumzo ya kutaka wachungaji wawe wamesomea na makanisa yatoe hesabu hayajaisha. Naunga mkono, ingawa ningependa pia kujua nani atamlipia karo fundi wa baiskeli aende Tigoni. Lakini hesabu? Hesabu hatuhitaji kungoja sheria. Kanisa la Kibaptisti lina mkutano wa washirika. Pale mhazini anasoma daftari mbele ya watu wote, na mshirika yeyote aliyebatizwa anaweza kuinua mkono, kuuliza, na kupiga kura. Kura ya pasta ni moja. Ya mpika chai ni moja. Yako pia ni moja, na kama hukuomba kuondolewa, huenda jina lako bado limo kwenye daftari la washirika.

Tafakari hilo kidogo. Tumekuwa tukilia kwamba nchi hii haitusikilizi. Na kuna chumba kimoja, chenye paa bovu, ambamo tunaweza kupitisha bajeti kwa kura zetu wenyewe, na hatujakanyaga humo tangu tulipomaliza Kidato cha Nne.

Mimi nimeandika hoja yangu kwenye karatasi, nimempelekea katibu. Kwenye kikundi tuko watu 41. Kila mtu Sh100 kwa mwezi ni Sh4,100, na zisiende kwenye simu ya pasta wala ya shemasi, ziende kwenye namba ya kanisa. Sh300 ziwe za SHA, ziwekwe kando hadi zitimie za mwaka. Sh750 ziende NSSF, kwenye ule mpango wa Haba Haba unaokubali hata Sh25 kwa siku, kwa sababu pasta wetu ana miaka 58 na hana hata senti ya uzeeni. Zinazobaki, Sh3,050, awe anapewa kila tarehe tano bila kuomba. Mhazini apige picha ya daftari kila mwezi aitume kwenye kikundi. Asiyelipa asifukuzwe, lakini pia asiandike aya ndefu kuhusu madhabahu.

Ni pesa kidogo, najua. Mhazini alinipigia kuniuliza kama nina uhakika watu 41 watalipa. Nilimwambia sina. Akasema kina mama wa kanisa wamesikia na tayari wameanza kuuliza kama nao watachanga au ni ya vijana peke yao, na kwamba mama mmoja, yule aliyenuna zaidi kwa sababu ya paa, ameleta Sh50 zilizokunjwa ndani ya leso akazilaza juu ya daftari kabla hoja haijapigiwa kura.

Mkutano ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa Agosti, saa tatu asubuhi. Nimeshalipia basi la Ijumaa usiku. Pasta hajui hoja ni yangu, ila kwa utaratibu wetu, kikifika kipengele cha malipo ya mchungaji yeye hutoka nje akangoja chini ya mwembe hadi tumalize.